Mchochota wa puru

Magonjwa ya zinaa yana majina ya zamani katika Kiswahili, na mengi yanapeleka mawazo mbele. Ukitaja kisonono, msikilizaji anawaza mkojo unaochoma na usaha. Ukitaja mtoki, anawaza tezi za kinenani zilizovimba hadi mtu anatembea kwa kutanua miguu. Vimelea hivyohivyo vikiingia kwa njia ya nyuma, jina la mtaani hakuna. Waganga wanasema proktaitisi, neno lenye asili ya Kigiriki, nami naliita mchochota wa puru. Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana, chenye urefu wa sentimita 12 hadi 15 hivi, kinachoishia penye tundu la haja kubwa. Wanaoandika rektamu hawajakosea. Lakini wanaoandika “uvimbe wa puru” wanampoteza msomaji, kwa sababu uvimbe wa huko anaujua tayari: bawasiri.

Na bawasiri ndiyo anayoitaja mgonjwa akifika duka la dawa. Anasubiri mteja wa mbele aondoke, anainamia kaunta, anaomba dawa ya kupaka. Haulizwi kitu, naye hasemi kwamba kwenye karatasi ya chooni ameona kamasi na damu, wala kwamba anasikia haja kila mara lakini akikaa hakitoki kitu. Hiyo haja ya bure, pamoja na usaha au kamasi, ndiyo sura ya mchochota wa puru. Tyubu ya bawasiri haiponyi maambukizi ya zinaa.

Istilahi hii inataja mahali na hali, haimtaji mkosaji. Mionzi ya kutibu saratani ya nyonga inaweza kuleta mchochota wa puru, na vivyo hivyo magonjwa ya utumbo kama ule wa Crohn. Kwa hiyo jina lenyewe halimshtaki mtu. Mchochota ukisababishwa na ngono, washukiwa wakuu ni wanne: kisonono, klamidia, malengelenge ya sehemu za siri na kaswende.

Klamidia ina aina kali, zinazojulikana kwa herufi L, na hizo ndizo zinazoleta mtoki. Wafaransa Durand, Nicolas na Favre walipoueleza ugonjwa huo mwaka 1913, nao waliupa jina la kinena. Basi mwaka 2003, huko Rotterdam, Uholanzi, nchi iliyozoea kuona wagonjwa wasiofikia 5 kwa mwaka, waganga wakaanza kuwapokea wanaume wenye maumivu ya puru, usaha na kufunga choo. Kufikia Septemba 2004 wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 92. Walikuwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, na wengi wao waliishi na VVU. Kinenani, wengi hawakuwa na kitu.

Sababu iko kwenye mifereji ya limfu. Limfu ya uume inaelekea kwenye tezi za kinena, ambazo mkono unazigusa. Ile ya puru inaelekea kwenye tezi zilizojificha ndani ya nyonga. Mtoki upo, ila umevimbia pasipofikiwa na kidole, na aliyefundishwa kuutafuta kinenani atasema haupo. Baadhi ya wagonjwa wa namna hii wametibiwa kama watu wa Crohn. Hasara ya kukosea ni kubwa: klamidia ya kawaida ya puru inatibiwa kwa doksisaiklini siku 7, hii ya aina ya L inataka siku 21, miligramu 100 mara mbili kwa siku. Ikiachwa, puru hujikunja kwa makovu na njia hufinyika.

Hao wenye maumivu angalau wanasukumwa kwenda hospitali. Klamidia na kisonono cha puru mara nyingi hukaa kimya kabisa. Sehemu ya juu ya puru haina neva za maumivu kama za ngozi, ndiyo maana hata kidonda cha kaswende kinaweza kutokea huko na kupona bila mwenyewe kujua. Wakati huohuo, ukuta wa puru uliochokozwa unairahisishia VVU njia.

Kipimo cha mkojo hakisaidii hapa, maana mkojo haupiti kwenye puru. Mtu anaweza kupewa jibu safi na kuondoka na kisonono chake. Kinachotakiwa ni kijiti chenye pamba, kinachoingizwa sentimita 3 hivi, kuzungushwa na kutolewa. Mgonjwa anaweza kujichukulia mwenyewe chooni, na maabara haitapata kasoro.

Maneno “wanaume wanaofanya ngono na wanaume” ni marefu, lakini yana kazi yake. Yanataja tendo, hayamtaji mtu ni nani, na ndani yake wamo waume wenye wake na watoto. Wanawake nao hupata mchochota wa puru. Katika Kenya na Tanzania, ambako sheria inaadhibu ngono kati ya wanaume, mgonjwa hatalianzisha jambo hili mwenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliuweka usaha wa njia ya haja kubwa kwenye mwongozo wake wa kutibu dalili za magonjwa ya zinaa, sambamba na usaha wa uume. Kwa hiyo mhudumu ndiye wa kuanza, mlango ukiwa umefungwa, kwa kumuuliza kila mgonjwa wa zinaa maswali yaleyale: mbele, nyuma, au mdomoni?