Namna ya Kumpata Mshauri wa Fedha Aliye Huru: Mwongozo kwa Wakazi wa Nanyala na Mkoa wa Songwe

Msimu wa kahawa unapomalizika, kaya nyingi za Wilaya ya Mbozi hupokea kwa mkupuo fedha zilizosubiriwa mwaka mzima. Mkulima aliyelipwa kupitia chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), mfanyabiashara wa Tunduma aliyefunga hesabu na mtumishi wa Nanyala aliyepokea mafao ya kustaafu hukabiliwa na swali moja: fedha hizi ziwekwe wapi?

Wa kulijibu swali hilo hawakosekani. Wapo maofisa wa benki, mawakala wa bima, mawakala wa mifuko ya uwekezaji na hata jamaa aliyesikia habari za faida kubwa. Hata hivyo, wengi wao wana kitu cha kuuza. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumtofautisha mshauri na muuzaji.

Maana ya uhuru wa mshauri

Mshauri aliye huru ni yule anayelipwa na mteja peke yake, na ambaye kipato chake hakibadiliki kwa mteja kuchagua bidhaa hii au ile. Anayelipwa kamisheni na kampuni anaweza kuwa mwaminifu na mwenye ujuzi, lakini ana sababu ya kupendelea bidhaa inayomlipa zaidi.

Mathalani, mkazi mwenye shilingi milioni 10 akinunua bidhaa ambayo muuzaji wake hupata kamisheni ya asilimia 5, muuzaji huyo atapata shilingi 500,000. Mkazi huyohuyo akishauriwa alipe kwanza mkopo wenye riba kubwa, muuzaji hapati kitu. Huenda ushauri wa pili ndio bora, lakini ndio ambao muuzaji hana motisha ya kuutoa.

Nchini Uingereza, tangu mwisho wa mwaka 2012 washauri wa uwekezaji wa wananchi wa kawaida hawaruhusiwi kupokea kamisheni kutoka kwa kampuni zinazotoa bidhaa wanazopendekeza. Kwa hapa nchini, kinga ya kwanza ya mwananchi ni kuuliza nani anamlipa mshauri.

Nani husimamia nani

Jina la “mshauri wa fedha” hutumiwa na watu wa kazi tofauti, hivyo ni muhimu kujua leseni ya kila mmoja.

Mshauri wa uwekezaji katika hisa, hatifungani na vipande vya mifuko ya pamoja hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Wakala wa bima na dalali wa bima husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Wakala huiwakilisha kampuni ya bima; dalali humwakilisha mteja, ingawa naye kwa kawaida hulipwa kamisheni. Benki inayouza bima nayo hufanya hivyo kama wakala.

Benki na watoa huduma ndogo za fedha husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hao katika madaraja manne, na SACCOS zimo katika daraja la tatu, ambalo leseni zake hutolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Wahasibu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Mhasibu aliyesajiliwa anaweza kukagua mpango wa biashara, kodi na madeni kwa ada inayojulikana.

Ikumbukwe kuwa cheti cha BRELA au namba ya mlipakodi si leseni ya kushauri wala ya kupokea fedha za umma.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Unalipwa na nani, na kiasi gani, nikifuata ushauri wako? Nisipoufuata je?
2. Leseni yako imetolewa na mamlaka gani, na je, bado ni hai? Jibu lithibitishwe na mamlaka yenyewe.
3. Unaweza kupendekeza bidhaa za kampuni ngapi?
4. Fedha zangu zitapita kwenye akaunti ya nani? Mshauri hana sababu ya kupokea mtaji katika simu au akaunti yake binafsi.
5. Je, ushauri na gharama zake utaniandikia?

Anayekwepa swali la kwanza asihesabiwe kuwa huru.

Funzo la DECI

Katika mpango wa DECI, uliosimamishwa na Serikali mwaka 2009, wananchi waliombwa “kupanda mbegu” ili “wavune” fedha nyingi zaidi baada ya muda mfupi. Waliowashawishi wengi walikuwa watu waliowafahamu na kuwaamini. Ahadi ya faida ya uhakika, haraka ya kulipa na sharti la kuleta wengine ni dalili za kumwepuka mtu, awe jirani au mgeni.

Pale mshauri asipopatikana karibu

Washauri wengi wenye leseni ya CMSA wana ofisi Dar es Salaam, hivyo mkazi wa Nanyala anaweza kushauriana nao kwa simu baada ya kuthibitisha leseni. Vilevile, anaweza kusikiliza wauzaji watatu wa bidhaa tofauti, kisha akamlipa mhasibu azilinganishe gharama zake. Inafaa pia awe na kipimo cha kulinganishia: hatifungani za Serikali hununuliwa kuanzia shilingi milioni 1 na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Anayependekeza kitu kingine aeleze kwa nini ni bora kuliko hicho, na hatari yake ni ipi.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Malalamiko huanza kwa maandishi kwa mtoa huduma. Yasipotatuliwa, ya benki hupelekwa Benki Kuu, yenye tawi jijini Mbeya. Ya bima hupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na ya uwekezaji hupelekwa CMSA. Mwananchi atunze risiti, mikataba na ujumbe wa simu, kwa kuwa ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wake.