Ngurumo ya Bati na Mzimu wa Kioo

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari lake na kalamu.

Leo tutazungumza habari za jukwaa, yaani mahali palipoinuliwa ambapo watu huigiza mchezo mbele ya watazamaji. Huenda watoto wenu shuleni wanajifunza mchezo wa nyimbo. Katika mchezo huo mvua itanyesha, ngurumo itasikika, na mzimu utatokea. Lakini chumbani mwa shule hamna mvua, wala ngurumo, wala mzimu. Je, mambo haya hufanywaje? Na waliotangulia kuyafanya walipata faida gani na hasara gani?

Kazi hii ni ya zamani sana. Katika mji wa Athens, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, Wayunani walikuwa na chombo cha miti na kamba, mfano wa winchi ya bandarini. Kwa chombo hicho walimwinua mwigizaji hewani, akaonekana kama mungu anayeshuka kutoka mbinguni.

Sasa twende Uingereza. Zamani za Shakespeare, watu walifanya ngurumo kwa kuvingirisha risasi kubwa ya mzinga juu ya mbao. Baadaye njia nyingine ikaenea: bati pana lilitundikwa kwa kamba, likatikiswa. Nanyi mwaweza kulijaribu jambo hili. Shika bati kwa ncha, ulitikise polepole, kisha kwa nguvu. Utasikia mngurumo wa mbali unaokaribia.

Lakini si kila mbinu ilikuwa salama kama bati. Tarehe 29 Juni 1613, mjini London, watu walikuwa wakitazama mchezo wa Mfalme Henry wa Nane katika nyumba ya michezo iitwayo Globe. Mzinga ulipigwa ili kumtangaza mfalme. Cheche zikarukia paa la nyasi. Watu hawakujali, maana macho yao yalikuwa kwenye mchezo. Kwa muda mfupi nyumba yote ikateketea. Mtu mmoja suruali yake ilishika moto, ikazimwa kwa chupa ya pombe. Nyumba ilijengwa upya mwaka 1614, na safari hii iliezekwa vigae.

Katika karne ya 19 wataalamu waligeukia mwanga. Waliona kwamba kipande cha chokaa kikichomwa kwa mwali wa gesi mbili, oksijeni na haidrojeni, hung'aa mno. Mwaka 1837 taa hiyo ilitumiwa katika nyumba ya michezo ya Covent Garden, London. Sasa mwigizaji mmoja aliweza kumulikwa peke yake.

Mwaka 1862 watu wa London waliona ajabu nyingine. Henry Dircks alikuwa amebuni njia ya kuonyesha mzimu, na John Henry Pepper akaitengeneza ikafaa jukwaani. Kioo kikubwa kisicho na rangi kiliwekwa upande upande mbele ya waigizaji. Chini, mahali pasipoonekana, alisimama mtu aliyemulikwa sana. Sura yake ilionekana katika kioo, kana kwamba yuko jukwaani. Taa ikipunguzwa, mzimu ulififia na kutoweka. Je, huu ni uchawi? Hapana. Usiku, simama ndani ya nyumba yenye taa, utazame dirisha la kioo. Utajiona umesimama nje gizani. Siri ni hiyo hiyo.

Basi ukaja umeme. Nyumba ya michezo ya Savoy, London, ilifunguliwa mwaka 1881 ikiwa na taa za umeme. Watu wengi waliziogopa. Mwenye nyumba, Bwana Richard D'Oyly Carte, alipanda jukwaani, akaizungushia kitambaa chepesi taa inayowaka, akaipasua mbele ya macho yao. Kitambaa hakikuungua. Mwaka 1882, katika mchezo wa nyimbo uitwao Iolanthe, waigizaji walivaa taa ndogo za betri vichwani, ziking'aa kama nyota.

Hata hivyo, umeme haukuondoa hatari yote. Tarehe 30 Desemba 1903, mjini Chicago, Marekani, nyumba mpya ya michezo iitwayo Iroquois ilijaa watu, wengi wao akina mama na watoto waliokuwa katika likizo. Taa kali ya jukwaani ilitoa cheche, pazia likashika moto. Pazia la kuzuia moto liliposhushwa lilikwama njiani. Watu walikimbilia milango. Mingine ilikuwa imefungwa, na mingine ilikuwa na makomeo wasiyojua kuyafungua. Walikufa watu zaidi ya 600. Baada ya msiba huo, miji mingi ilikaza sheria zake za milango, taa na mapazia.

Wasikilizaji, mnaona historia inavyotufundisha? Watu wa Chicago hawakuuawa na moto peke yake. Waliuawa pia na milango. Kwa hiyo mzazi anapoalikwa shuleni kutazama mchezo, asitazame jukwaa tu. Aulize: milango iko wazi? Njia kati ya viti ni nyeupe? Ndoo za mchanga ziko wapi? Mishumaa isitumike, tochi yatosha. Mvua yaweza kufanywa kwa kunde kavu zinazoviringishwa ndani ya ungo. Ngurumo ni bati. Mambo haya hayana gharama kubwa, na hayamchomi mtoto wa mtu. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.

Sasa andikeni majibu ya maswali haya madaftarini:

1. Kwa nini nyumba ya Globe iliungua upesi?
2. Mzimu wa kioo ulionekanaje?
3. Taja mambo mawili yaliyozidisha vifo huko Chicago.
4. Katika shule iliyo karibu nawe, mlango wa chumba cha mikutano hufunguka kwa ndani au kwa nje? Nenda ukatazame, kisha ulieleze darasa.

Someni somo hili tena kwa sauti, kila mtu aya moja. Kwaherini, mpaka somo lijalo.