Mmea wa mtungi: chagua wa joto, mpe maji ya mvua

Picha zake zinazunguka sana kwenye simu siku hizi: mmea wenye vifuko vinavyoning'inia kama mitungi midogo yenye vifuniko, na chini yake maneno kwamba unakula mbu. Hilo la mbu tulimalize kwanza. Mitungi hii hunasa zaidi sisimizi na nzi. Mbu mmoja mmoja huangukia humo, lakini wapo pia mbu ambao hutaga mayai ndani ya mitungi hiyo hiyo, na viluwiluwi vyao vikakua humo bila kumeng'enywa. Anayeununua ili kuikimbiza dengi nyumbani atapoteza pesa. Tena akiweka sahani ya maji chini ya chungu, kama wengi wanavyofanya, atakuwa amewafugia mbu mwenyewe.

Ununue kwa sababu ni mzuri. Wataalamu huuita Nepenthes. Ncha ya jani hurefuka ikawa kamba, kamba ikavimba mwishoni ikawa mtungi. Mdomo wa mtungi una utamu unaovuta wadudu, na ukilowa huteleza kupita kiasi. Mdudu akianguka, maji ya ndani humyeyusha polepole na mmea ukafyonza naitrojeni na fosforasi, vitu ambavyo hauvipati kwenye udongo maskini unakoota.

Asili yake kubwa ni Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini Bahari yetu ya Hindi nayo ina yake. Ushelisheli kuna Nepenthes pervillei, kwenye visiwa vya Mahé na Silhouette. Madagaska, Bukini ya wazee wetu, ina aina mbili, na Mfaransa Étienne de Flacourt aliuandika mmoja wao tangu 1658. Afrika bara hakuna unaoota mwituni. Malaysia watu hupika wali mnato kwa tui la nazi ndani ya mitungi ya Nepenthes ampullaria, jambo ambalo mpishi yeyote wa Pwani atalielewa bila kuelezwa.

Sasa kuchagua, na hapa ndipo watu wanapoumia. Mimea hii iko makundi mawili: ya milimani na ya mabondeni. Ya milimani hutaka usiku wa baridi, nyuzi 15 au chini yake. Mombasa, Malindi au Lamu usiku kama huo hatuna. Nepenthes rajah, ule wenye mtungi mkubwa unaosifiwa mno, ni wa mlima Kinabalu huko Borneo; ukiletwa Pwani utanyong'onyea hadi ufe, hata umtunze vipi. Kwetu sisi yafaa ya mabondeni: ampullaria, rafflesiana, gracilis, mirabilis, bicalcarata, na ule wa Bukini, madagascariensis. Anayeanza atafute mseto unaouzwa kwa jina la ventrata, maana ni mgumu na huvumilia makosa. Muuzaji asiyejua jina la mmea wake, muache.

Jihadhari pia na mbegu za mtandaoni. Mbegu halisi za Nepenthes ni nyembamba kama uzi, hazikai muda mrefu kabla ya kufa, na mche wake huchukua miaka kufikia umbo la kwenye picha. Ukiletewa punje za duara, umeuziwa kitu kingine. Na ukiagiza mmea nje ya nchi, pata kwanza kibali cha KEPHIS. Isitoshe, Nepenthes zote ziko chini ya mkataba wa CITES, kwa hiyo mzigo usio na karatasi unaweza kuzuiliwa.

Ukishaupata, adui wa kwanza ni maji. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Yana chokaa, na mengine yana chumvi. Tazama ndani ya birika lako la chai: ukiona magamba meupe, maji hayo yatauua mmea huu kidogo kidogo. Kinga maji ya mvua. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa, kisha jaza madumu wakati wa masika na uyafunike barabara. Chungu kimoja hakinywi mengi. Mwagilia kwa juu, maji yapite na kutoka chini, udongo ubaki na unyevu lakini usitote.

Udongo wa shambani na mbolea ya samadi usiviweke kabisa. Makumbi ya nazi yanafaa sana, lakini si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, kwa kuwa yameshiba chumvi. Hata yale makavu ya nyumbani yaloweke kwenye maji ya mvua na kuyamwaga mara kadhaa. Changanya na vipande vya mkaa vilivyooshwa ili hewa ipite. Mchanga wa ufukweni hapana, una chokaa.

Uweke barazani au chini ya mti wenye kivuli chepesi, upate jua la asubuhi. Jua la saa sita huunguza majani. Giza nalo huufanya utoe majani matupu bila mitungi. Unyevu wa hewa yetu unautosha, ila kaskazi inapokausha mambo, usogeze mbali na upepo. Chumba chenye kiyoyozi si mahali pake.

Usiulishe nyama, itaoza na kunuka. Wadudu utawapata wenyewe. Mitungi iliyomwagika njiani au kukauka baada ya safari si dalili ya kifo. Subiri majani mapya. Mtungi uliozeeka huanza kukauka kwenye kifuniko, nao ukikauka wote ukate.

Shina likirefuka, kata kipande chenye majani mawili au matatu, punguza majani nusu na ukichomeke kwenye makumbi yenye unyevu, kivulini. Mizizi huchukua wiki kadhaa. Kila mmea ni dume au jike, na kipande hufuata jinsia ya mama yake, kwa hiyo anayetaka mbegu za nyumbani itabidi abadilishane vipande na jirani mwenye ule mwingine.