Shilingi Tano Zilizogeuka Gari

Abiria anayesimama Msalato, kaskazini mwa jiji la Dodoma kwenye barabara iendayo Kondoa, huulizia daladala ya mjini bila kufikiria Waingereza. Lakini jina hilo limetoka kwenye Kiingereza chao cha mitaani.

Mwaka 1804 Benki Kuu ya Uingereza ilichukua sarafu za fedha za Kihispania, ikazipiga chapa upya na kuzitoa kwa shilingi tano kila moja. Juu yake iliandikwa “dollar”. Sarafu zenyewe zilitoweka, jina likabaki vinywani mwa watu: shilingi tano ikawa “dollar”, na shilingi mbili na nusu ikawa “half a dollar”. Hesabu iliwasaidia, kwa kuwa shilingi tano ni robo ya pauni, na katika miaka ya 1940 pauni moja ilikaribia thamani ya dola nne za Marekani.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, nayo ikawekwa ishirini kwa pauni. Shilingi tano zikaitwa dala hata huku Tanganyika, na jina halikufutika Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa shilingi ya nchi mwaka 1966.

Kilicholigeuza kuwa gari ni shida ya usafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, mabasi ya shirika la usafiri wa umma, UDA, jijini Dar es Salaam yalikuwa machache, mengine yamekosa vipuri. Watu walichoka vituoni. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na makonda wakaitangaza kwa sauti: “Dala! Dala!” Hakuna kamati iliyokaa kulitunga jina hilo, ni makonda na abiria wao, na wanastahili heshima ya watunzi.

Kenya nayo ilifanana: matatu ilitokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi.

Waingereza walifuta shilingi mwaka 1971, na “dollar” yao ya mitaani ikafifia. Yetu ilisambaa nchi nzima, ingawa nauli ya shilingi tano imebaki simulizi. Dar es Salaam ilipopata mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, abiria waliyaita mwendokasi. Msalato bado wanapanda daladala.