Namna beki alilazimishwa kujifunza kucheza

Zamani kazi ya beki katika kabumbu ilikuwa fupi: kuzuia, na akibanwa, kumrudishia golikipa mpira audake. Timu inayoongoza iliweza kupoteza muda hivyo mpaka watazamaji wakachoka. Kombe la dunia la 1990 kule Italia lilikuwa na wastani wa magoli 2.21 tu kwa mechi. Ndipo mwaka wa 1992 golikipa akakatazwa kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu.

Mabeki wengi waliogopa, wakawa wanabutua mbele tu. Lakini kule Barcelona kocha Johan Cruyff alikuwa ameshaanza somo lingine: beki Ronald Koeman ndiye alianzisha mchezo, na mbele yake alisimama kiungo kijana, Pep Guardiola. Mwezi wa tano 1992 walichukua kombe la mabingwa wa Ulaya, na goli la pekee lilikuwa la Koeman mwenyewe, beki!

Somo lenyewe ni hili. Mabeki wanatanuka. Kiungo anashuka penye nafasi, bega limegeuka, ameshatazama nyuma yake kabla mpira haujafika. Beki anampigia kwenye mguu ulio mbali na mpinzani. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanapiga kwenye mguu wa karibu, mpira unanyang'anywa, halafu kocha anamgombeza kiungo bure.

Somo hili halidai uwanja. Watoto wanne, mpira wa matambara na nafasi ndogo kati ya mahema ya kambi vinatosha kuanza.