Tarim, Mji wa Ilimu Bondeni mwa Hadhramaut

Wazee wa jumuiya yetu wameniamrisha niandike maneno machache katika kitabu hiki cha ukumbusho, nami nimeona bora niwasimulie habari za Tarim, mji niliokaa tangu 1998 hata 2002, kisha nikauzuru tena 2010. Si kwamba nataka kujisifu kwa safari. Sisi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, twazisoma sanadi za mashekhe wetu, na jina la mji huu hupita midomoni mwetu bila ya kulijua.

Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alisoma Unguja kwa watu waliofundishwa katika madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir. Sheikh Abdallah alizaliwa Lamu, akaenda Hadhramaut kutafuta ilimu, akarejea akafundisha Unguja hata alipofariki 1925. Mwaka huohuo alifariki rafiki yake, Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi wa Unguja, mzaliwa wa Itsandra katika visiwa vya Ngazija, ambaye naye alisafiri kwenda huko kwa wazee wake. Basi ilimu iliyofika kwetu barani kwa njia ya Unguja na Lamu, sehemu yake kubwa ilitoka katika bonde hilo moja.

Bonde lenyewe ni la ajabu. Mito mingi ya nchi kavu hupotea mchangani, lakini hili hutoka magharibi kwenda mashariki, kisha hupinda mpaka baharini, na pande zote mbili limezungukwa na magenge marefu ya mawe. Juu ya magenge ni uwanda mkavu usio na mti, na chini ni mitende, visima, na nyumba za tofali za udongo uliochanganywa na makapi, zimepakwa chokaa. Tarim umeegemea jabali, mwendo wa kilomita 35 hivi kutoka Seiyun. Nalipofika nalivunjika moyo. Nalitazamia mji mkubwa kama sifa zake, nikaona mji mdogo, na jua la kusi lilipopanda zaidi ya digrii 40, njiani hapakuwa na mtu wala mbuzi. Nikajiuliza kama nimeacha mama yangu mgonjwa kwa ajili ya vumbi hili. Usiku twalilala juu ya sakafu za nyumba, mimi na vijana wa Lamu na wa Indonesia, na hao wa Indonesia walikuwa wengi kuliko sote.

Yafaa ijulikane jinsi mji huu ulivyoishi, kwani udongo wenyewe hauwezi kulisha wanafunzi. Masharifu wa ukoo wa Baalawi, wazao wa Imamu Ahmad bin Isa aliyehama Basra katika karne ya 10, walikaa humo, na mjukuu wao Muhammad bin Ali, ajulikanaye kwa Al-Faqih al-Muqaddam, amezikwa hapo katika makaburi ya Zanbal, alifariki 1255. Lakini fedha ilitoka ng'ambo. Watu wa Tarim walikwenda Java na Singapore wakawa wafanya biashara na wenye majumba, na kwa mali hiyo, katika miaka ya 1880, ikajengwa Ribati ya Tarim, wanafunzi wakalishwa kwa wakfu. Humo alifundisha Sayyid Abdallah bin Umar al-Shatiri miaka mingi hata alipofariki karibu na 1942. Mnara wa msikiti wa Al-Muhdhar, wa udongo mtupu, wenye urefu wa zaidi ya mita 40, na majumba ya ukoo wa Al-Kaf yenye nakshi za Kijava, yote ni ya nyakati hizo za neema. Sayyid Abubakar al-Kaf alitoa mali yake kufanya barabara ya motokaa kutoka Tarim mpaka pwani ya Shihr, na kuwalipa makabila wasipigane.

Hapa sitaficha jambo. Heshima ya ukoo ilizidi mpaka huko Java, tangu 1914, Mahadhrami wakagawanyika kwa sababu ya kubusu mikono na ya ndoa za mabinti wa masharifu. Wako wasiopenda litajwe. Mimi naona mwenye kupenda mji na atazame nyufa zake.

Kisha mlango wa fedha ukafungwa. 1942 Wajapani waliteka Singapore na Java, hawala zikakatika, na mvua ikakosekana. 1943 na 1944 watu walikufa kwa njaa bondeni, hata Waingereza wakaleta nafaka kwa ndege. Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Baada ya uhuru wa 1967, serikali ya kijamaa ilishika nchi, mali za wakfu zikachukuliwa, Ribati ikafungwa. 1972 Sayyid Muhammad bin Salim bin Hafidh, mufti, aliitwa na wakubwa siku ya Ijumaa, akaenda, wala hakuonekana tena. Mwanawe Umar alikuwa na umri wa miaka tisa.

Naliuliza ilimu ilikaa wapi miaka hiyo. Mzee mmoja, jirani yetu, alinionyesha chumba cha chini nyumbani kwake, chenye dirisha dogo kama tundu la njiwa. "Humu," akasema, "bibi yangu alituweka watoto wanne, amu yangu akatusomesha fikihi baada ya Isha, na taa tukaitia nyuma ya pipa." Nalikuwa nimepita mlangoni mwake miezi saba nikimdhania mzee asiye na kazi.

Nchi mbili za Yemen zilipoungana 1990, mlango ukafunguka. Ribati ikarudi chini ya Sayyid Salim al-Shatiri, mwana wa yule mwalimu, aliyefariki 2018. Yule Umar akaanzisha Dar al-Mustafa, na Chuo Kikuu cha Al-Ahgaff kikaweka Tarim kitivo chake cha Sharia. Hivyo mji mdogo ukawa na wanafunzi kutoka kila upande wa dunia, na mwenye duka la mkate akajua kuhesabu kwa Kimalayu.

2010 Tarim ulifanywa mji mkuu wa utamaduni wa Kiislamu, nami nikaenda. Mapambo yalikuwa mengi barabarani, lakini mafuriko ya Oktoba 2008 yalikuwa yameyeyusha nyumba nyingi za udongo bondeni, na katika majumba ya Al-Kaf nakshi zilikuwa zikianguka. Tangu vita vya 2015 njia imekuwa ngumu, na vijana wetu wawili waliotaka kwenda wamezuiliwa na wazazi wao, siwalaumu.

Nalikwenda kumtafuta yule mzee. Ukuta wa mbele ulikuwa umeanguka, chumba cha chini kimejaa tope lililokauka, naye amefariki. Mwanawe alikuwa uani akikanyaga udongo na makapi kwa miguu, tofali mpya zimepangwa juani. Nikamwuliza darsa ya baba yake iko wapi sasa. Akanionyesha kwa kidole nyumba ya pili, akasema nisichelewe, wameshaanza.