Mawazo mengi: jinsi watu wa karibu wanavyoutuliza mwili

Mwili hufanya nini?
Ukikutana na hatari, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda haraka na misuli hukaza ili uweze kukimbia au kujitetea. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini hofu ikidumu kwa miezi, kama unapokosa habari za ndugu au mgao wa chakula unapopunguzwa, mwili haupumziki. Usingizi hupotea, kichwa na tumbo huuma, presha huweza kupanda.

Mila zina nafasi gani?
Kukaa matangani na wafiwa, kula pamoja au kuimba pamoja humwonyesha mtu kwamba hayuko peke yake, na mwili hupoa. Ila mila inayosema mwanamume halii huwafanya wengi wafiche maumivu.

Je, mazungumzo husaidia?
Ndiyo. Nchini Zimbabwe, Washona huita mawazo mengi *kufungisisa*. Tangu 2006, akina bibi waliofunzwa mjini Harare huketi na wenye mawazo kwenye benchi karibu na zahanati, wakatafuta njia pamoja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa, baada ya miezi 6, waliopata msaada huo walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ufanye nini?
- Mtembelee jirani aliyefika karibuni, awe mkimbizi au mwenyeji. Msikilize, usimlazimishe kusimulia.
- Dalili zikizidi wiki 2, nenda kituo cha afya.
- Ukiwaza kujiua, mwambie mtu unayemwamini na uende kituoni leo hii.